Ukiwa mwajiri: jinsi ya kufanya mahojiano ya kazi yanayofuata sheria ya Uganda

Una duka, cherehani tatu, mashine ya kusaga au mgahawa, na sasa kazi imekuzidi. Unataka kuajiri mtu. Siku utakapomketisha muombaji wa kwanza mbele yako, sheria ya kazi ya Uganda itakuhusu wewe kama inavyoihusu kampuni kubwa ya Kampala.

Ukurasa huu unaeleza cha kuuliza, cha kutouliza, na mambo ya kufanya kabla na baada ya mahojiano. Ni kwa ajili ya wakimbizi na wenyeji wenye biashara ndani na kando ya makazi kama Nakivale, Kyaka II, Kyangwali na Rwamwanja, na pia wale wanaoishi mijini.

Kwa ufupi

- Uliza kuhusu kazi, usiulize kuhusu maisha ya mtu.
- Waulize waombaji wote maswali yale yale.
- Usimkatae mtu kwa sababu ya kabila, nchi alikotoka, rangi, dini, jinsia, siasa, ulemavu au virusi vya UKIMWI.
- Angalia kitambulisho, kisha mrudishie mwenyewe.
- Usiombe pesa wala ngono ili kutoa kazi.
- Andika sababu ya kumchagua uliyemchagua.

Kwa nini sheria inakuhusu

Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inampa mkimbizi anayetambuliwa haki ya kufanya kazi. Inampa pia haki ya kulima, kufanya biashara na kuanzisha kampuni kwa kufuata sheria za nchi. Sheria hiyo hiyo inamtaka mkimbizi atii sheria zote za Uganda. Kwa hiyo ukiwa mkimbizi mwenye biashara, una haki ya kuajiri, na una wajibu wa mwajiri.

Wajibu huo uko katika Sheria ya Ajira ya mwaka 2006. Inasema ubaguzi katika ajira ni kosa, na inataja misingi yake: rangi na asili ya mtu, jinsia, dini, maoni ya siasa, taifa alikotoka, hali yake katika jamii, virusi vya UKIMWI na ulemavu. Katiba ya mwaka 1995, katika ibara ya 21, inakataza ubaguzi na inataja kabila kwa jina.

Kuna biashara ambazo Sheria ya Ajira haizigusi. Kama wafanyakazi wako wote ni ndugu unaowatunza wewe mwenyewe, na hawazidi watano, hiyo ni kazi ya familia. Lakini siku unapomchukua mtu wa nje, hata mmoja, umeshakuwa mwajiri.

Neno "mahojiano" ni zito kwa mkimbizi

Mwajiri wa makazini anapaswa kulifikiria jambo hili kuliko mwajiri wa mahali pengine.

Wengi watakaokuja kuomba kazi kwako wameshawahi kuketi katika mahojiano. Hayakuwa ya kazi. Yalikuwa ya kuomba hifadhi. Waliulizwa walikimbia nini, nani alikufa, walipita njia gani, usiku gani. Walijifunza kwamba aliye upande wa pili wa meza ana haki ya kuuliza kila kitu, na kwamba kunyamaza kunaweza kukuharibia faili.

Ukimuuliza mtu huyo, "Ninyi kule kwenu mlikimbia nini?", atakujibu. Si kwamba amependa. Hajui kama anaweza kukataa. Wewe huna kazi na jibu hilo, na halikuambii kama anajua kushona kola ya shati.

Swali la kabila ni zito zaidi. Katika foleni moja mbele ya duka lako wanaweza kusimama watu ambao waliulizwa swali hilo hilo kwenye kizuizi cha barabarani, na jibu ndilo lililoamua nani avuke na nani abaki. Hata kama wewe unauliza kwa wema, ili kujua mtaongea lugha gani, yeye hasikii wema. Na ukishamkataa, ataamini kwamba umemkataa kwa ajili ya jibu lile. Mbele ya afisa wa kazi itakuwa vigumu kwako kueleza kwa nini uliuliza.

Kabla ya mahojiano

Chukua karatasi moja. Andika mambo haya:

- Kazi yenyewe ni nini. Usiandike "msaidizi" tu. Andika: kupima wateja, kukata kitambaa, kushona sare za shule, kufagia jioni.
- Mtu anahitaji kujua nini ili aifanye.
- Saa za kazi. Sheria inaweka mwisho wa saa 48 kwa wiki kwa kawaida, na siku moja ya kupumzika baada ya siku sita.
- Mshahara. Kima cha chini kilichowekwa mwaka 1984 ni shilingi 6,000 kwa mwezi, na leo hakina maana sokoni. Kwa hiyo amua mshahara wako kabla hujaona sura ya mtu. Kazi sawa inalipwa sawa, awe mwanamke au mwanaume, Mkongomani, Mrundi, Mnyarwanda, Msomali au Mganda.

Kisha tangaza kazi mahali ambapo watu wote wanaweza kuiona. Tangazo la kanisani kwako peke yake litakuletea watu wa kanisa lako peke yao. Bandika karatasi sokoni, kwenye kituo cha maji, kwenye kituo cha boda boda. Usiandike "anatafutwa msichana mzuri" au "kijana wa Kivu". Andika kazi.

Halafu andaa maswali sita au saba, uyaandike, na umuulize kila muombaji hayo hayo. Ukimuuliza mwanaume kuhusu uzoefu wake na mwanamke kuhusu mume wake, tayari umeshabagua, hata kama mwisho umemchukua mwanamke.

Maswali ya kuacha, na ya kuuliza badala yake

*Usiulize:* "Wewe ni kabila gani?" au "Ulitoka kijiji gani?"
*Uliza:* "Wateja wangu wanaongea Kiswahili, Kinyarwanda na Kinyankole. Unaweza kuhudumia kwa lugha zipi?"

*Usiulize:* "Umeolewa? Una mimba? Watoto wako wadogo ataachiwa nani?"
*Uliza:* "Tunafungua saa moja asubuhi na kufunga saa kumi na moja jioni. Saa hizo unaziweza?"
Swali hili la pili muulize na mwanaume.

*Usiulize:* "Unasali wapi?"
*Uliza:* "Kazi ipo Jumamosi na Jumapili, na kila mtu anapata siku moja ya kupumzika. Kuna siku ambayo huwezi kufanya kazi?"
Akitaja Ijumaa mchana au Jumamosi, tazama kwanza kama zamu zinaweza kupangwa.

*Usiulize:* "Umepima? Una SIDA?" wala usimtume akapime virusi.
*Uliza:* "Kazi hii ni ya kubeba magunia ya mahindi. Unaweza kuifanya?"

*Usiulize:* "Ulikimbia nini?" au "Kesi yako ya kuhamia Marekani au Kanada imefika wapi?"
*Uliza:* "Nahitaji mtu wa kukaa walau miezi sita. Unaweza kuahidi muda huo?"

*Usiulize:* "Ulikuwa upande gani wakati wa vita?" au "Unaunga mkono chama gani?"
Hapa hakuna swali la badala yake.

Kama muombaji mwenyewe ameanza kusimulia mambo yake, msikilize kwa heshima, kisha mrudishe kwenye kazi: "Pole sana, dada. Hayo si lazima unieleze. Tuongee kuhusu kazi." Usiyaandike, na usiyapeleke kwa majirani.

Pale kazi yenyewe inapodai kitu

Sheria haikukatazi kutaka kile ambacho kazi inahitaji kweli. Dereva wa lori lazima awe na leseni. Anayeandika daftari la mkopo lazima ajue kusoma na kuhesabu. Anayeuza mbegu kwa wakulima wa Isingiro lazima aelewane nao kwa lugha yao.

Kipimo ni hiki: ukiliondoa sharti hilo, kazi inasimama? Kama inasimama, sharti ni halali. Kama kazi inaendelea vizuri tu, basi huenda sharti hilo limewekwa ili watu fulani wasipite. Kudai Kinyarwanda safi kwa mtu wa kuosha vyombo jikoni si sharti la kazi.

Umri na vitambulisho

Uliza umri, maana hapo sheria inakutaka ujue. Umri wa chini wa kuajiriwa ni miaka 16. Kazi ya hatari, kama mashine nzito, kemikali au machimbo ya mawe, ni kwa aliyefikisha miaka 18. Mtoto akija na kusema mama yake ni mgonjwa na wadogo zake wana njaa, itakuuma. Lakini kumpa kazi iliyokatazwa si kumsaidia. Mpeleke kwa wahudumu wa ulinzi wa watoto katika makazi yenu.

Kwa mkimbizi, angalia kitambulisho cha mkimbizi au karatasi ya familia inayotolewa na Ofisi ya Waziri Mkuu (OPM). Kwa mwenyeji, angalia kitambulisho cha taifa. Andika jina na namba, au piga fotokopi, kisha rudisha asili yake hapo hapo. Usiiweke dukani "mpaka mwezi uishe". Mkimbizi anahitaji karatasi hizo siku ya kuhakikiwa, siku ya msaada na siku ya kwenda hospitali. Ukimshikia karatasi, umemfunga.

Kama kazi inahitaji cheti cha nje, kwa mfano muuguzi au mwalimu, Sheria ya Wakimbizi inataka cheti kitambuliwe na mamlaka za Uganda. Vyeti vya sekondari vinalinganishwa na UNEB, shahada za chuo kikuu na NCHE. Kwa fundi cherehani, seremala au mpishi, tazama mikono yake. Wengi walikimbia bila karatasi, na moto uliochoma cheti haukuchoma ufundi.

Jaribio la kazi

Ni haki kumpa muombaji jaribio. Mpe kila mmoja kitambaa kile kile, cherehani ile ile na nusu saa. Mtu mwenye aibu ya kuongea ataonekana hapo.

Ila jaribio lisigeuke kazi ya bure. Kumwambia mtu "njoo wiki moja nikuangalie", akashona sare ishirini ukaziuza, kisha ukamwambia hakufaulu, ni kumfanyisha kazi bila mshahara. Kama unachotengenezewa unakiuza, kilipe. Ukitaka kumuangalia kwa muda mrefu, muajiri kwa kipindi cha majaribio. Sheria inakuruhusu hadi miezi sita, na mshahara unalipwa tangu siku ya kwanza.

Mahali, pesa na ngono

Fanya mahojiano mchana, mahali pa wazi: dukani, chini ya mti, kwenye ukumbi wa jamii. Usimuite mwanamke nyumbani kwako jioni. Ni vizuri muwe wawili mnaouliza, na mmoja awe mwanamke.

Kumtaka mtu kimapenzi na kumuahidi upendeleo kazini ni unyanyasaji wa kijinsia katika Sheria ya Ajira. Haijalishi kama alikubali. Mtu mwenye watoto wenye njaa hana nafasi ya kukataa, na wewe unajua.

Usichukue pesa ya "fomu", ya "kusajili" wala ya "soda". Kama umemtuma mtu akutafutie wafanyakazi, muulize kama anawatoza watu. Makazini wako wanaouza nafasi za kazi ambazo hazipo, na jina litakalochafuka ni lako.

Muombaji mwenye ulemavu

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2020 inakataza mwajiri kumbagua mtu mwenye ulemavu. Usiulize alivyopata ulemavu wake. Muulize anahitaji nini ili afanye mahojiano vizuri, kisha anahitaji nini ili afanye kazi. Mara nyingi ni jambo dogo: meza iliyoshushwa, kiti, mtu wa kutafsiri lugha ya ishara, mahojiano yafanyike nje badala ya chumba chenye ngazi. Halafu mpe jaribio lile lile ulilowapa wengine.

Baada ya mahojiano

Mpe kila muombaji alama kwa kila swali, siku hiyo hiyo, kabla hujasahau. Andika mambo ya kazi tu: "alikata vizuri, mshono wa mkono umepinda, anajua Kiswahili na Kirundi." Usiandike "mnene" au "mtu wa kule".

Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakutaka uchukue habari za lazima tu, uzitunze salama, na usizitumie kwa jambo lingine. Habari za dini, siasa na afya ya mtu zina ulinzi wa pekee. Usipige picha orodha ya waombaji ukaituma kwenye kundi la WhatsApp. Katika foleni ile anaweza kuwemo mtu anayetafutwa na waliomfukuza kwao.

Wajibu na wale ambao hukuwachukua. Inatosha kusema: "Asante, mzee. Nimemchukua mwenye uzoefu mkubwa zaidi wa kukata. Kazi ikitokea tena nitakutangazia." Mtu aliyejibiwa ataenda nyumbani akijua kwamba alishindwa kwa kukata. Asiyejibiwa ataitafuta sababu mwenyewe, na makazini sababu iliyo karibu kila siku ni kabila.

"Lakini binamu yangu anahitaji kazi"

Utaambiwa hivyo, na na watu unaowaheshimu. Kama umeamua tangu mwanzo kumchukua ndugu yako, mchukue, lakini usitangaze kazi na kuwachosha watu kumi na wawili kwa kutembea kilomita kumi juani. Kama umetangaza, binamu apange foleni, ajibu maswali yale yale, ashone kitambaa kile kile. Akishinda, karatasi yako ya alama itamtetea yeye na wewe.

Ukishamchagua

- Mpe masharti ya kazi kwa maandishi: jina lake na lako, kazi, mahali, siku ya kuanza, mshahara, saa, likizo na muda wa kutoa taarifa ya kuacha kazi. Sheria inakupa wiki 12 tangu aanze, lakini mpe siku ya kwanza.
- Kama hawezi kusoma, au hajui lugha ya mkataba, asomewe na kuelezwa kwa lugha anayoielewa. Afisa wa kazi anaweza kuthibitisha kwamba alielezwa.
- Usimweke kibarua daima. Baada ya miezi minne ya kibarua mfululizo, anastahili mkataba wa maandishi.
- Msajili NSSF. Tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2022, hata mwenye mfanyakazi mmoja anahusika. Mwajiri anatoa asilimia 10 ya mshahara, mfanyakazi asilimia 5.

Malalamiko yakitokea

Mtu akiona amebaguliwa, mahali pa kwanza ni kwa afisa wa kazi wa wilaya. Kwa Nakivale ni Isingiro, kwa Kyaka II ni Kyegegwa, kwa Kyangwali ni Kikuube, kwa Rwamwanja ni Kamwenge. Afisa anaweza kuchunguza, kuwaita pande zote mbili na kuwapatanisha. Yasipoisha hapo, shauri linaweza kufika Mahakama ya Kazi. Ipo pia Tume ya Fursa Sawa, inayopokea malalamiko ya ubaguzi.

Ukiitwa, nenda. Chukua tangazo lako, karatasi ya maswali na karatasi za alama. Mwajiri mwenye karatasi hizo ana cha kuonyesha. Asiye nazo ana maneno yake tu dhidi ya maneno ya mwenzake.

Na kama wewe mwenyewe hujui sheria inasema nini juu ya jambo fulani, muulize afisa huyo huyo kabla ya kuajiri. Kazi yake si kuadhibu tu. Anashauri pia.

Kabla hujamuita wa kwanza, jiulize

1. Nimeandika kazi, saa na mshahara?
2. Maswali yangu yote yanahusu kazi hiyo?
3. Nitawauliza wote sawasawa?
4. Mahali ni pa wazi na salama?
5. Ningeulizwa mimi maswali haya siku niliyofika hapa sina kitu, ningejibu bila woga?

Kama swali la tano umelijibu "ndiyo", fungua mlango.